Nyumba Yetu: Ufa Huu Tuuzibe kwa Nini?

Mwezi huu ukurasa wetu unazungumzia nyufa na nafasi za nje ya nyumba. Sisi tunaoishi huku Gisenyi tunajua mvua haibishi hodi. Inapiga ukuta upande wa upepo, na ikipata kanafasi kadogo tu kando ya fremu ya dirisha, asubuhi godoro limelowa na mtoto anakohoa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tuuzibe kwa nini? Hapo ndipo pesa nyingi zinapotea. Wengi tunakimbilia sima, ama tunauliza dukani masitiki ya bei ya chini, tunapaka, na mvua ya kwanza inabandua yote. Kanuni ni moja: kinachoziba kifanane na kinachozibwa. Udongo kwa udongo, sima kwa sima, na masitiki pale vitu viwili visivyofanana vinapokutana.

Tuanze na ukuta wa udongo, uwe wa miti ama wa matofali ya rukarakara. Sima ni ngumu, lakini udongo unavimba ukilowa na kunywea ukikauka. Havitembei pamoja. Maji yanaingia nyuma ya sima, na siku moja kipande kizima kinadondoka. Masitiki nayo haishiki kwenye vumbi. Tafuta udongo uleule wa ukuta, uchekeche, uchanganye na mchanga na majani makavu yaliyokatwa mafupi, ili usipasuke ukikauka. Kwangua ufa uwe mpana kidogo, nyunyizia maji, shindilia udongo ndani. Uache ukauke, halafu rudia mara ya pili, sababu wa kwanza utanywea. Kazi hii inakula jasho kuliko faranga.

Ukuta wa bloku na sima, wenye ufa mdogo ambao hauendelei, unazibwa kwa sima na mchanga.

Nyumba za mbao tunazijua vizuri. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kupita katikati ya Goma, familia nyingi zilijenga za mbao juu ya mawe yaleyale. Ubao unavimba kwa mvua na kunywea kwa jua, kwa hiyo sima kati ya mbao haidumu. Nafasi ndefu kati ya mbao mbili ifunike kwa kipande chembamba cha ubao. Misumari iingie kwenye ubao mmoja tu, ule wa pili ubaki huru kutembea.

Masitiki ya tyubu tuiweke akiba kwa ajili ya fremu za madirisha na milango, pale mbao au chuma inapokutana na ukuta wa sima. Dukani mtakuta aina mbalimbali. Silikoni inanyumbulika na haiogopi maji, inashika vizuri kwenye kioo na aluminiamu, lakini haikubali rangi. Ile yenye harufu kali ya siki haifai kwenye sima, na inaweza kuozesha chuma. Akriliki inapakwa rangi na bei yake huwa nafuu, lakini mvua ikiikuta haijakauka inaiosha yote. Poliuretani inashika sima na mbao kwa nguvu na inanyumbulika, ila bei iko juu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma maandishi ya tyubu ama mwombe kijana akusomee: ni ya nje? Inakubali rangi? Muda wake haujapita?

Chagua siku kavu. Ondoa masitiki ya zamani, piga brashi, futa vumbi. Nafasi ikiwa na kina kirefu, sukuma kwanza kipande cha sponji ndani, masitiki ikae juu yake. Usipofanya hivyo, tyubu nzima itamezwa na tundu moja.

Sasa sikilizeni vizuri, kuna nafasi ambazo hazizibwi. Matundu ya hewa chini ya bati yabaki wazi. Baridi ya usiku inatushawishi kufunga kila kitu na kuingiza mbabula ndani. Jameni, moshi wa makaa usioonekana unaua watu wakiwa usingizini, na hauna harufu ya kuwaamsha. Mbabula ibaki nje. Pia vitundu vya chini ya fremu vinavyotoa maji, tuviache.

Na kuna ufa ambao kuuziba ni kujidanganya. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalipasua nyumba nyingi Goma na hapa Gisenyi. Ufa wa namna hiyo, chora mstari wa penseli kila mwisho wake na uandike tarehe. Kama wiki zinazofuata umevuka mstari, ama ukuta umeinama, ama unaingiza vidole, hiyo si kazi ya masitiki. Watoto wasilale upande huo. Mwambieni kiongozi wa mtaa, na mliopanga mumwambie mwenye nyumba kabla ya kununua chochote. Tukumbuke usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ilipofurika: mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na nyumba nyingi zilianguka. Ukuta wa udongo uliokunywa maji hauna nguvu, hata kama kwa nje umepakwa vizuri.

Basi, jua likitoka, zungukeni nyumba na watoto, mhesabu nyufa, na mjue kila moja inataka nini. Wenye njia yao nzuri ya kuchanganya udongo watuletee, tuwape na majirani. Mungu awalinde, tuonane mwezi ujao.