Mkoba wa "bila kodi" kutoka Dubai: nani hasa anaepuka kodi?

Hiyo status umeiona. Mtu amesimama uwanja wa ndege wa Dubai, nyuma yake duka linang'aa kama ukumbi wa harusi, na chini ameandika: "Niko hapa mpaka Ijumaa. Mikoba ya designer, bila kodi. Tuma diposti nikuwekee." Inaanza kwa mtu mmoja, inapelekwa kwenye grupu ya chama, inafika kwa shangazi, na jioni inatufikia sisi, kwa sababu diposti hutumwa kwa simu.

Mteja wetu mmoja ana saluni Landless, huku Thika. Mwaka uliopita zamu yake ya chama ilifika. Kwa miaka tisa amesuka nywele za wanawake wenye mikoba mizuri, naye akaamua kwamba safari hii atajinunulia wake. Hatuoni ubaya wowote hapo. Pesa ni zake, na tumechoka na zile makala za kumwambia mwanamke angenunua mbuzi. Alituma shilingi 70,000 kwa namba ya simu aliyopewa kwenye grupu, iwe nusu ya bei. Jumamosi asubuhi akapigiwa: mkoba umefika JKIA lakini umeshikwa na forodha, tuma 28,500 za kodi kwa afisa kabla ya saa sita. Akatuma. Saa saba akaambiwa kuna 15,000 za kuhifadhi mzigo. Alikuwa ameshaanza kubonyeza simu, ndipo kaka yake mwenye boda akamwuliza swali moja tu: "Hiyo kodi ya serikali inalipwa kwa namba ya mtu?"

Hapo ndipo alipotupigia. 98,500 zilikuwa zimeenda.

Tumeisikiliza hadithi hii kwa sura nyingi, na tumefikia maoni ambayo huenda yakawaudhi wafanyabiashara wengine wa status. Tatizo ni kubwa kuliko matapeli. Hata muuzaji akiwa mkweli kabisa, yale maneno "bila kodi" hayamhusu mtu aliye Landless. Yanamhusu msafiri peke yake, na hata kwake faida ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri.

Tuchukue Dubai yenyewe, maana ndiko oda nyingi zinakotoka. Watu hudhani kule kuna kodi kubwa ambayo ukiikwepa umetajirika. VAT ya Falme za Kiarabu ni asilimia 5, na ilianza Januari 2018. Tuseme mkoba unauzwa dirham 5,250 katika duka la mjini, VAT ikiwa ndani. Tukihesabu dirham moja kuwa shilingi 35, hizo ni 183,750. Kodi iliyomo ni dirham 250. Mtalii anaweza kudai arudishiwe anapoondoka, lakini harudishiwi zote: hupata asilimia 85 ya kodi, kisha hukatwa dirham 4.80 kwa kila risiti. Zinabaki 207.70, karibu shilingi 7,270. Akinunua ndani ya uwanja wa ndege penyewe hatozwi VAT, kwa hiyo anaweza kuokoa dirham zote 250, yaani shilingi 8,750, ikiwa duka la uwanjani halijapandisha bei. Na bei ya uwanjani hupangwa na duka, serikali haihusiki. Sisi tungemshauri yeyote afungue tovuti ya kampuni yenyewe alinganishe bei akiwa bado kwenye foleni.

Sasa mkoba upande ndege uje Nairobi. Kenya nayo ina kodi zake, na hazijali uliununua wapi wala kama kule ulisamehewa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humwachia msafiri vitu vyake binafsi na vya nyumbani kwake, vile anavyosafiri navyo, hadi thamani fulani. Novemba 2023 KRA iliwakumbusha wasafiri kwamba kiwango hicho ni dola 500, wakati huo kama shilingi 75,000, na mtandaoni kukawaka moto. Viwango kama hivyo hubadilishwa na mawaziri wa jumuiya, kwa hiyo soma tovuti ya KRA wiki ile unayosafiri, usitegemee alichosema binamu yako. Lakini neno la kushika ni "vyake." Mkoba uliolipiwa na mwanamke wa saluni Landless, ukabebwa na mtu anayemuuzia, ni bidhaa ya biashara. Ule msamaha wa msafiri haukuwekwa kwa ajili ya bidhaa hiyo.

Hebu tuupige hesabu kama bidhaa. Ulinunuliwa uwanjani bila VAT kwa dirham 5,000, yaani 175,000. VAT ya Kenya ni asilimia 16. Hiyo peke yake ni 28,000, kabla ya ushuru wa forodha na ada nyingine za kuingiza mizigo, na ushuru ukiongezwa VAT nayo hupanda kwa sababu huhesabiwa juu ya jumla. Umeokoa 8,750 Dubai, unadaiwa si chini ya 28,000 Embakasi. Muuzaji anayekwambia mkoba wake ni "bila kodi" mpaka mlangoni kwako ana njia mbili tu: ama amejumlisha kodi kwenye bei na neno hilo ni mapambo, ama anapanga kupita forodha bila kusema. Akishikwa kwa hiyo njia ya pili, mkoba unaozuiliwa ni ule uliolipia wewe, na wewe hata risiti huna.

Wenye ndugu Ulaya nao wasikie. Ufaransa VAT ni asilimia 20, na mgeni aliyenunua kwa zaidi ya euro 100 katika duka moja anaweza kudai, ingawa baada ya makato mara nyingi hupata kama asilimia 12 ya bei. Ila ni lazima awe anaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Dada yako aliyehamia Paris hahesabiwi kuwa mgeni. Na yule wa London anayekuahidi kwamba atadai VAT Heathrow amechelewa, kwa sababu Uingereza ilifuta mpango huo tangu Januari 2021. Huenda hakudanganyi. Pengine mara yake ya mwisho kudai ilikuwa kabla ya korona.

(Mtaona ajabu moja. Thika ni mji wa viwanda vya ngozi. Ngozi nyingi ya Kenya huuzwa nje ikiwa imesindikwa nusu tu, ile yenye rangi ya samawati, na wengine huko nje ndio wanaomalizia kazi na kuweka bei. Halafu sisi tunatafuta mtu wa kuturudishia mkoba bila kodi. Lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Turudi kwa pesa, ndiyo kazi yetu. Kuna jambo hatupendi kulisema lakini ni kweli: sisi hupata ada kila unapotuma, iwe umetuma kwa mama mzazi au kwa tapeli. Kwa hiyo tukikwambia usitume, tunapunguza mapato yetu wenyewe. Na bado tunakwambia.

Yule mteja alipotupigia alitaka turudishe pesa. Ilibidi tumweleze kitu ambacho tungepaswa kuwaeleza watu mapema zaidi. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Yeye hakukosea namba. Jina lilitokea kwenye skrini, akalisoma, akaweka siri yake, akabonyeza. Na aliyepokea alikuwa ameshatoa zote kwa wakala dakika chache baadaye. Akiba isipokuwepo kwenye laini hatuna cha kuzuia. Tulimshauri apeleke ujumbe zote polisi, apewe namba ya OB, kwa sababu taarifa za mwenye laini tunazitoa kwa njia ya kisheria tu, hata kama moyo unataka kumpa jina pale pale kwenye simu. Alikasirika. Hata sisi tungekasirika.

Kuhusu lile swali la kaka yake wa boda, jibu ni hapana. Malipo ya serikali ya Kenya hupitia eCitizen, Paybill 222222, na KRA hukupa namba ya malipo unayoiweka kama akaunti. Afisa wa forodha hakupi namba yake ya simu. Akikupa, hata kama amevaa kofia kwenye picha ya WhatsApp, huyo si wa forodha, au ni wa forodha anayekula rushwa, na kwa vyovyote kodi yako haijalipwa. Pia kumbuka umbali: kutoka Thika mpaka JKIA kwa Eastern Bypass ni safari ya asubuhi moja. Mtu anayekukataza kwenda kuuona mzigo ulio karibu hivyo, eti utume tu kabla ya saa sita, anajua ukienda utakuta nini.

Tunawajua wafanyabiashara waaminifu wa Thika na Ruiru wanaoenda Dubai, Istanbul na Guangzhou, wakarudi na mabegi mgongoni na kodi wamelipa. Tulipoandika kifupi juu ya jambo hili hapo awali, mmoja alitujibu kwa hasira: "Mnataka nilipwe mzigo ukifika. Mtaji nautoa kwa nani, kwenu?" Ana haki. Diposti si dhambi. Tunachopinga ni diposti ya nusu ya bei kwa namba ya mtu binafsi, bila karatasi yoyote. Mwenye duka awe na Till yenye jina la biashara. Diposti iwe kiasi ambacho ukikipoteza utaumia lakini watoto watakula. Bei iandikwe ikiwa na kodi ndani, hata kama status itapungua utamu. Na salio lilipwe mkoba ukiwa mkononi mwako, zipu umeifungua, risiti ya duka umeiona. Muuzaji anayekataa yote hayo amekusaidia kuamua.

Yule wa saluni alituandikia tena juzi. Kuna mtu mwingine, yuko Istanbul, anapokea oda, na huyu ana Till. Alitaka tumwambie kama ni wa kweli. Hilo hatuwezi kumwambia. Tulimwambia aweke namba ya Till na kiasi, asubiri jina litokee, alisome, halafu afute bila kulipa, kisha ampigie muuzaji amwulize biashara yake inaitwaje.

Majina hayakufanana. Muuzaji anasema Till ni ya mume wake. Yeye bado anafikiria, na diposti bado iko kwenye simu yake.