Maoni: Damu ni ya kuokoa, si ya kumtilia kila mgonjwa

Kila msimu wa mvua, idara za dharura za hospitali zetu, kuanzia Beni hadi Uvira, hupokea watoto wengi wenye malaria na upungufu wa damu. Wazazi huomba jambo moja: « Muganga, mutilie mutoto damu! » Kilio hicho tunakielewa. Lakini poshi inayotiwa pasipo lazima ndiyo itakayokosekana usiku uleule kwa mama anayevuja damu baada ya kuzaa, ao kwa raia aliyepigwa risasi.

Swali la kwanza lisiwe « damu iko? » bali « mgonjwa huyu anaihitaji? » Kufunua kope na kuona weupe haitoshi. Lazima kupima hemoglobini na kumchunguza mgonjwa mwenyewe. Shirika la afya duniani, OMS, linaeleza: mtoto mwenye hemoglobini chini ya gramu 4 kwa desilita atiwe damu bila kukawia. Mwenye kati ya 4 na 6 atiwe ikiwa ana dalili za hatari, kama kupumua kwa shida ao kupoteza fahamu.

Na asiye na dalili hizo? Utafiti uliofanywa Uganda na Malawi kwa watoto 1565, uliotangazwa mwaka 2019, ulilinganisha waliotiwa damu mara moja na waliosubirishwa hospitalini. Haukuonyesha tofauti ya wazi ya vifo. Lakini karibu nusu ya waliosubirishwa walitiwa damu baadaye, hali yao ilipobadilika. Kwa hiyo kusubiri si kumwacha mtoto. Ni kutibu malaria, kumwangalia na kumpima tena. Pasipo muuguzi wa kufanya hivyo, kusubiri kunageuka uzembe.

Damu yenyewe ina hatari zake. Hata ikishapimwa ukimwi, hepatiti B na C na kaswende, kosa la kundi la damu linaweza kuua, na kutia nyingi kwa haraka kunaweza kujaza mapafu maji. Kwa mama anayevuja, damu peke yake haitoshi: lazima kuzuia uvujaji, na dawa ya asidi traneksamiki inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3 baada ya kuzaa.

Hatuwezi kuwalaumu waganga peke yao. Muganga asiye na mashine ya kupima hemoglobini atakisia tu. Serikali ilete mashine hizo katika kila hospitali kuu, pamoja na umeme wa kulinda friji ya damu. Waganga nao wawaeleze wazazi sababu ya kutia ao kutotia.

Nasi wakaaji tutoe damu tukiwa wazima, pasipo kungoja ndugu alazwe. Siku baba anapoanza kuzunguka muji usiku akitafuta mtu wa kutoa damu, mara nyingi tumekwisha kuchelewa.