Kadi Mpya, Utajiri wa Bure

Mwenzenu nimewahi kuwa tajiri kwa siku mbili, hapa hapa Gwarama, bila kuuza hata debe moja la maharage.

Ilianza pale kadi yangu ya benki ilipopotea. Nikapanda gari hadi Kibondo mjini, nikapewa nyingine. Tarakimu zake 16 si zile za zamani, na namba ya siri nikaweka mpya. Jioni nikafungua ile programu ya hesabu aliyoniwekea mpwa wangu kwenye simu, nikaandika: "Akaunti mpya, shilingi 640,000." Ile ya zamani sikuigusa. Jumla chini ikasoma 1,280,000!

Jamani, pesa za kwenye kioo zinalewesha. Kesho yake nikamwambia shemeji mwenye duka anishushie mabati 30, nitalipa Jumamosi. Mama watoto, ambaye hesabu zake ziko kwenye daftari la shule, akaniuliza taratibu, "Baba Neema, hayo maharage uliuza lini?" Nikakosa jibu.

Kumbe kadi ni ufunguo tu. Imebadilika yenyewe, lakini namba ya akaunti ni ile ile na pesa ni zile zile. Nilitakiwa kuingia kwenye akaunti ya zamani, nirekebishe tarakimu nne za mwisho za kadi, basi. Mbona M-Pesa, tunayoitumia nchini tangu 2008, laini ikipotea ukairudisha namba na salio vinabaki, na huko sichanganyikiwi?

Ile akaunti ya pili nimeifuta. Shemeji kapokea pesa ya mabati 15, mengine kayarudisha dukani, na salamu zake siku hizi ni fupi mno.