Kadi ya mtoto na msimu wa korosho

KIVULINI MWA MKOROSHO
Na Hamisi Chitanda

Asubuhi moja ya mwezi wa Februari, katika zahanati ambayo sitaitaja jina, juu ya uwanda wa Newala, pale ambapo mtu akisimama ukingoni huliona bonde la Ruvuma limefunikwa na ukungu hadi upande wa Msumbiji, nilikaa kwenye benchi nyuma ya mama mmoja aliyempakata mwanawe. Karani, binti wa umri wa kuolewa, akamwuliza, "Mama, mtoto ana miaka mingapi?" Mama akajibu huku akitazama ukuta, "Minne, mwanangu." Mtoto, ambaye homa ilikuwa imemlegeza viungo vyote isipokuwa ulimi, akainua kichwa akasema, "Mimi nina sita. Niko darasa la kwanza!" Benchi zima likacheka, mama naye akacheka kwa haya, kisha akafungua fundo la pindo la kanga akaanza kuhesabu.

Simlaumu mama yule. Sera ya nchi yetu imemwondolea ada mtoto aliye chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, na hiyo ni fadhila isiyo haba; lakini siku anapoivuka miaka hiyo, maradhi yake huwa deni la mzazi, ilhali mbu wa uwandani hajui kuhesabu miaka. Mwezi wa Februari, tena, ndio mwezi mbaya kuliko yote kudaiwa: mvua zimeshika, homa zimepanda, na fedha ya korosho, iliyoingia tangu Oktoba hadi mwanzo wa mwaka, imekwisha kugeuka bati, sare za shule na madeni yaliyolipwa. Aghalabu ndio wakati ambapo kangomba, yule mlanguzi wa korosho, hupita nyumbani, akinunua kwa bei ya kutupa korosho ambazo bado hazijachanua maua.

Palikuwapo dawa ya shida hii, nayo iliitwa Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, mzazi yeyote aliweza kumwandikisha mwanawe wa chini ya miaka 18 katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mwezi wa Machi 2023 Mfuko ukasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, wazazi wakaelekezwa wawaandikishe watoto kupitia shule au katika vifurushi vya familia. Ghadhabu ilikuwa kubwa, nami nilikuwa miongoni mwa walioghadhibika. Lakini nikiitazama hesabu kwa insafu, naona walioendesha mfuko ule hawakusema uongo: mzazi mwenye mtoto mzima hakukata kadi, mwenye mtoto mgonjwa aliikimbilia, na hazina iliyojazwa na wagonjwa pekee haina budi kukauka, hata ikilindwa na malaika.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu waliodai tu kwamba mlango ule uwe wazi, kana kwamba kuuzwa kwa kadi ndiko kupatikana kwa bima. Bima ya mtoto haiwezi kudumu ikiwa ni bidhaa ya dukani, inayonunuliwa na aliyeshikwa na hofu siku ile aliyoshikwa nayo. Itadumu pale watu wote watakapoichangia kwa pamoja, wakati ambapo wote wana kitu mkononi. Nasi watu wa kusini, katika umaskini wetu wote, tunacho chombo ambacho mikoa mingi ingekitamani.

Chombo hicho ni chama cha msingi cha ushirika. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho ya mkulima hupimwa chamani, hupelekwa ghalani, huuzwa mnadani, na fedha hurudi kwa jina la mwenyewe, baada ya makato. Kaya ya watu sita katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ilitakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ambayo Serikali ilinunulia korosho mwaka 2018, hizo ni kilo tisa na kitu. Kilo tisa! Mkorosho mmoja uliopulizwa salfa vizuri waweza kuzitoa na kusaza. Mchango huo ungekatwa siku ya malipo, kwa kila mwanachama, awe na watoto saba au asiwe na hata mmoja, kadi ya Februari ingekuwa imelipiwa Novemba.

Najua nitakaloambiwa. Mkulima amechoka na makato: ya chama, ya chama kikuu, ya ghala, ya magunia, ya usafiri. Fauka ya hayo, wapo waliolipia kadi wakafika kituoni wakaandikiwa kipande cha karatasi wakanunue dawa dukani. Hoja hii ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi, kwani mtu aliyedanganywa na kadi mwaka mmoja hairudii mwaka wa pili, na jirani zake hawaikati kabisa. Dawa zisipokuwapo rafuni, makato haya yatakuwa dhuluma, nami nitakuwa wa kwanza kuyapinga.

Wazee wa Masasi wanakumbuka zamani isiyokuwa na kadi. Tabibu Leader Stirling alifika Lulindi mwaka 1935, akapasua wagonjwa katika majengo ya udongo na nyasi, na baadaye, kuanzia 1975 hadi 1980, akawa Waziri wa Afya wa Jamhuri yetu. Aliyetibiwa Lulindi alitibiwa kwa sadaka iliyochangwa makanisani Uingereza na watu wa ghaibu wasiomjua. Mwaka 1999, chini ya Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa, ikaanza na watumishi wa umma. Basi mtoto wa mwalimu akapata kadi, na mtoto wa mkulima aliyekaa naye dawati moja akabaki na pindo la kanga la mama yake.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi wa Novemba 2023, na ndani yake umo mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Huko ndiko zielekezwe kaya zisizo na mkorosho hata mmoja. Ghana imekwenda mbele zaidi: mtoto wa chini ya miaka 18 halipiwi mchango, sehemu kubwa ya fedha ikitoka katika tozo ya bidhaa. Hata utajiri hautoshi bila chemchemi ya kudumu, kwani Marekani, yenye mpango wa bima ya watoto tangu 1997, iliacha muda wa fedha za mpango huo uishe Septemba 2017, na Bunge lao halikuafikiana juu ya mpango mrefu hadi Januari iliyofuata.

Kabla ya minada kufunguliwa, chama chetu kitafanya mkutano. Mimi ni mwanachama, nina mikorosho arobaini iliyozeeka pamoja nami, na nitaomba hoja hii ya makato ya bima iandikwe katika ajenda, nikijua vema kwamba wa kwanza kusimama kunipinga atakuwa jirani yangu, rafiki wa miaka mingi, ambaye watoto wake wote wamekwisha kuoa.