Bustani ya shule na wanaokula bila kualikwa

Masika yameaga mkoani Mara. Katika wilaya za Tarime na Serengeti mahindi yanakauka juu ya bua, mtama umeinamisha vichwa, na bustani za shule zilizokuwa zikinyweshwa na mvua tangu Machi sasa zinadai ndoo na makopo ya watoto. Bahati mbaya, huu ndio wakati shule zinapofungwa kwa likizo ya Juni. Wazazi tunaoishi jirani na shule hatuna budi kupanga zamu ya maji, kwani mchicha hausubiri muhula mpya.

Wageni wa bustani nao hawana likizo. Chozi hunyonya maua ya mgomba, shomoro na kwelea huushukia mtama, na kinyonga hujibanza kwenye tawi la mpera, mnyonge anayepigwa mawe bure ilhali chakula chake ni nzi na panzi. (Tuwakataze watoto mchezo huo.) Imepokewa na Anas bin Malik (r.a.), katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mazao, kila anachokila humo ndege, mtu au mnyama huandikwa kuwa ni sadaka yake.

Ni mafundisho matamu anapokula shomoro. Mtihani huja anapokula tembo.

Vijiji vingi vya Serengeti vinapakana na Hifadhi ya Taifa au na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na Tarime nayo ina vijiji vyake mpakani mwa hifadhi. Tembo mzima hula zaidi ya kilo 100 kwa siku, na hupenda kuja usiku, mazao yakiiva. Mtoto aliyepalilia tuta lake kwa miezi mitatu akikuta asubuhi nyayo tupu, tumwambie nini? Tusiifanye Hadithi kuwa kitambaa cha kumziba kinywa. Ana haki ya kulia. Thawabu ya kilicholiwa haiondoi wajibu wa kulinda kilichobaki. Aliyetufundisha sadaka ndiye aliyemwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Hata Serikali, katika kanuni zake za mwaka 2011, malipo ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama iliyaita kifuta jasho, na ya mtu aliyeuawa au kujeruhiwa kifuta machozi. Majina yenyewe yanakiri kwamba hiyo si fidia kamili.

Kulinda nako kuna adabu yake. Mkuki na sumu humfunza mtoto chuki, na wala havimalizi tatizo. Wapo wakulima wanaozungushia shamba kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyosagwa na oili chafu, kwa kuwa pua ya tembo haistahimili harufu hiyo. Na pilipili yenyewe ni zao ambalo tembo halili. Jirani zetu wa Kenya wamejaribu uzio wa nyuki: mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba kila baada ya mita 10 hivi, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka. Mnyama mkubwa kiasi kile humkimbia mdudu huyu, maana huumwa kandokando ya macho na ndani ya mkonga. Anayesoma Suratun-Nahl pamoja na wanawe ana la kuwaonyesha hapo.

Nyuki hao hao huchavusha maboga ya bustani, na asali yao inaweza kununua madaftari. Lakini mizinga iwekwe mbali na madarasa na njia ya watoto, chini ya usimamizi wa mtu mzima anayeijua kazi. Na wenye zamu ya likizo, mkimaliza mchicha, acheni pia sahani ya maji yenye vijiti vya nyuki kutulia wasizame. Maji na maua yakikosekana kiangazini, nyuki huhama, na mizinga mitupu haimtishi tembo.