Nililitia motoni gitaa la mwanangu

Mzazi mwenzangu, wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe. Ushauri utafuata, na huenda wewe ukawa nao mzuri kuliko wangu.

Ilikuwa likizo ya Juni. Kama kila mwaka, tulitoka Mbinga mjini kwenda kwa wazazi wangu Kitura kusaidia kuvuna kahawa. Anayeijua milima ya Umatengo mwezi huo anaijua na baridi yake. Asubuhi ukungu umelala juu ya ngoro, na kila mtu anatafuta sababu ya kukaa jikoni karibu na moto.

Jioni ya siku ya nne, kaka yangu alirudi nyumbani akiikokota baiskeli, kiwiko kimechubuka na suruali imepasuka gotini. Alikuwa anateremka na gunia la kahawa kupeleka kwenye ghala la ushirika. Alipobana breki ya nyuma, hakukuwa na breki. Waya haukuwepo. Alijitupa kwenye kichaka kabla ya kona, na gunia likaenda peke yake hadi bondeni.

Waya tuliukuta nyuma ya banda la mbuzi. Mwanangu, mwenye miaka 12, darasa la sita, alikuwa ameufumua nyuzi moja moja na kuzifunga nne kwenye gitaa lake. Mwili wa gitaa ulikuwa kopo la mafuta ya kula la lita 5. Shingo ilikuwa kipande cha mlingoti, na vigingi vya kukazia nyuzi alivichonga mwenyewe kwa kisu cha bibi yake.

Sikuuliza swali. Nilimwona kaka yangu bondeni, nikaona msiba ambao haukutokea. Nikalishika lile gitaa, nikalivunja shingo kwa goti, nikaitia motoni mbele yake. Kopo nikalitupa pembeni ya mafiga.

Mwanangu hakulia. Alitazama ile shingo ikiungua mpaka ikaisha, akatoka nje. Kwa siku tatu alinijibu "ndiyo mama" na "hapana mama", basi.

Alichokiona babu yake

Baba yangu alikuwa fundi seremala kabla macho hayajaanza kumsumbua. Siku hiyo hakusema kitu. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, lile kopo mapajani, analigonga taratibu kwa kifundo cha kidole huku amelisogeza sikioni.

"Mwanangu, njoo uone ulichotaka kuchoma," akaniambia.

Mtoto alikuwa amekata upande mmoja wa kopo na kuufunika kwa ubao mwembamba wa sanduku la matunda. Baba akauelekeza ubao kwenye jua. Mwanga ulipenya kidogo pembeni. Ubao ulikuwa umeparwa kwa kipande cha chupa, kama mafundi wa zamani walivyofanya pale randa inapokuwa nzito mno. Na haukuparwa hovyo. Katikati palikuwa panene kidogo, kingoni pembamba.

"Nani alimfundisha?" nikauliza.

"Nilimuuliza jana usiku. Anasema alikuwa anapara, anagonga, anasikiliza. Sauti ikiwa butu anapara tena. Alipoona inaitika, akaacha. Ametumia siku sita."

Siku sita. Mimi nilidhani mtoto anazurura.

Baba akanikumbusha vibuyu vya mganda, vile tunavyovisikia tukiteremka kwa ndugu zetu wa ziwani, Mbamba Bay na Liuli. Kibuyu kitupu ukikiimbia hakisemi kitu. Ukiziba tundu lake kwa utando mwembamba wa buibui, kinanguruma kama tarumbeta. "Siri iko kwenye ngozi nyembamba," akasema. "Huyu mtoto ameigundua mwenyewe, na wewe umeona waya tu."

Fundi aliyetumia karatasi

Maneno ya baba yalinikumbusha jambo nililowahi kusoma kuhusu magitaa ya Hispania.

Kusini mwa nchi hiyo kuna muziki uitwao flamenco, wenye kuimba kwa uchungu, kupiga makofi, na wachezaji wanaogonga sakafu kwa visigino. Gitaa lake hutengenezwa tofauti na mengine. Mgongo na mbavu kwa kawaida ni za mti wa saiprasi, ambao ni mwepesi. Uso ni wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari, uliorandwa hadi unene wa milimita 2 hivi. Gitaa zima ni jepesi mkononi, na sauti yake ni kali, inatoka haraka na kukatika haraka, ili isikike katikati ya vishindo vya miguu. Na kwa kuwa mpigaji huugonga uso kwa vidole kama ngoma, hubandikwa kibao chembamba cha kuukinga usichubuke.

Mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyelipa gitaa la leo umbo lake ni Antonio de Torres, aliyezaliwa Almería mwaka 1817. Hakutoka kwenye familia ya wanamuziki wakubwa. Akiwa na miaka 12, umri wa mwanangu, alipelekwa kujifunza useremala. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa la ajabu: uso wake ulikuwa wa mbao nzuri, lakini mgongo na mbavu zilikuwa za karatasi ngumu kama ya boksi. Alitaka kuonyesha kwamba sauti ya gitaa inatoka hasa usoni, kwenye ule ubao wa mbele. Gitaa hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Nilipomsimulia baba, alicheka hadi akakohoa. "Kwa hiyo Mzungu alitumia boksi, mjukuu wangu akatumia kopo la mafuta."

Thamani iko wapi?

Gitaa la flamenco lililotengenezwa kwa mkono na fundi mwenye jina linaweza kuuzwa kwa maelfu ya euro. La kiwandani, lenye umbo lile lile, utalipata kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Mbao zinaweza hata kuwa za aina moja. Tofauti ni nini?

Mashine huambiwa unene, ikakata mbao 100 kwa unene huo huo. Lakini hakuna mbao mbili zilizo sawa, hata zikitoka kwenye gogo moja. Moja ni ngumu, nyingine inapinda kwa urahisi. Fundi wa mkono huupinda ubao kidogo kwa vidole, huugonga, husikiliza, kisha huuranda kadiri ubao wenyewe unavyotaka. Akizidisha, uso utakuwa dhaifu na kuvutwa na nyuzi mpaka ubonyee. Akipunguza, gitaa litakuwa bubu. Kujua mahali pa kuacha ndiko kunakolipiwa, na hukupati ila kwa kuharibu mbao nyingi kwanza.

Sisi wa Ruvuma tuna sababu ya kulifikiria hili kuliko wengine. Mkoa wetu, hasa upande wa Namtumbo na Tunduru, una mpingo, mti unaotafutwa duniani kwa ajili ya klarineti na obo. Mti huo huchukua miongo mingi kukomaa. Gogo linauzwa kwa bei ya gogo, linavuka bahari, na kule mtu mwenye sikio na patasi analigeuza kuwa chombo ambacho mwalimu wa muziki wa hapa kwetu hawezi kukinunua kwa mshahara wa mwaka. Mti tunao. Tunachokosa ni mikono iliyoachiwa nafasi ya kujifunza tangu utotoni.

Wala usidhani kopo ni jambo la aibu. Ng'ambo ya ziwa letu, Malawi, vijana wawili, Yobu Maligwa na Yosefe Kalekeni, walipiga muziki mitaani Lilongwe kwa vyombo vya kujitengenezea. Mmoja ana gitaa la nyuzi nne na ngoma anayoigonga kwa mguu. Mwingine ana babatoni, chombo kirefu cha uzi mmoja chenye sauti nzito ya besi. Wakajiita Madalitso Band. Mwaka 2017 walipanda jukwaani Zanzibar kwenye tamasha la Sauti za Busara, na baada ya hapo wakaitwa Ulaya. Na hapa nyumbani, marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma aliizungusha dunia akiwa na zeze na marimba za Kigogo.

Sisemi mwanangu atafika huko. Watoto wengi wanaotengeneza magitaa ya kopo watakuwa wakulima, walimu, madereva. Lakini mtoto aliyekaa siku sita akipara ubao mmoja mpaka uitike, amejifunza subira ambayo mimi sijawahi kufanikiwa kumfundisha kwa kumsimamia daftari.

Kosa na kazi

Sasa, breki. Usije ukasema safu hii inatetea watoto kuiba waya za baiskeli. Kaka yangu angeweza kufa. Kosa lile lilikuwa kubwa na lilistahili adhabu.

Tatizo langu ni kwamba adhabu niliipeleka pasipohusika. Mtoto alikuwa amefanya mambo mawili: baya, kuchukua waya bila ruhusa, na zuri, kutengeneza kitu kwa akili na mikono yake. Mimi nikaliunguza lile zuri. La baya hatukulizungumza hata dakika moja. Kwa siku tatu alichojifunza ni kwamba mama hapendi gitaa.

Siku ya nne tulikaa uani: mimi, mjomba wake na babu yake. Kaka yangu alimwonyesha kiwiko, akamweleza kona ile na jinsi gunia lilivyokwenda. Hapo ndipo mtoto alipolia. Alikuwa hajui. Alidhani mjomba aliona waya umekosekana kabla ya kupanda. Tukakubaliana atachambua kahawa kila jioni hadi ipatikane bei ya waya mpya, na akaimaliza kazi hiyo bila kusukumwa.

Mimi nami nilimwambia, "Nimekukosea kwa kuichoma kazi yako." Si rahisi kumwambia hivyo mtoto uliyemzaa, tena mbele ya baba yako mzazi. Lakini lilinitoka.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukikuta mtoto wako ametengeneza kitu kwa mali isiyo yake, au kwa muda wa shule, shika mambo mawili kwa mikono miwili. Kosa lihukumiwe kama kosa, na alipe kwa jasho lake. Kile alichokitengeneza kichukue, kitazame, umuulize, "Umefanyaje hapa?" Majibu yake yatakuonyesha kama alikuwa anacheza tu au anajifunza. Mtengee kona ya vitu anavyoruhusiwa kuchukua: makopo, vipande vya mbao, waya chakavu kutoka kwa fundi baiskeli, ambaye mara nyingi huwa nazo za kutupa. Kisu na chupa vina hatari, basi awepo mtu mzima wa kumwonyesha jinsi ya kupara kuelekea mbali na mwili. Na kama ukoo wenu una seremala, fundi vyungu au msusi wa mikeka aliyestaafu, mpelekee mtoto huyo. Mzee atafurahi kuliko unavyodhani.

Gitaa la pili walilitengeneza pamoja, babu na mjukuu. Shingo ni ya mninga, kipande alichokuwa amekihifadhi baba kwa miaka. Kopo ni lile lile, na uso ni ule ule. Nyuzi ni za breki iliyokufa siku nyingi, tulizopewa bure. Tuliporudi Mbinga mjini tulirudi nalo.

Analipiga kila jioni akimaliza kazi za shule, chumbani kwake, na mlango wa chumba hicho unatazama jiko langu. Wimbo ninausikia vizuri. Ila akimaliza hulifunga kwa kanga na kulisukuma chini ya kitanda, mwisho kabisa, ukutani. Bado hajawahi kuliacha jikoni. Sijamuuliza kwa nini, maana jibu ninalo. Nasubiri siku atakayolisahau karibu na mafiga, bila kuogopa.