Msiniambie Paka Hana Huzuni

Hapa Nakivale kuna maneno nimeyasikia mpaka yamenichosha: "Batu banalala njaa, weye unalilia paka? Ile ni mambo ya bazungu!" Leo nayajibu kwa maandishi, maana kwa mdomo hamnisikilizi.

Kwanza tukumbushane paka ni nani kwetu. Si pambo la nyumba, ni askari wa gunia. Posho ikilala katika nyumba ya udongo bila paka, panya wanakula kabla ya watoto. Sasa askari huyo akianza kujificha nyuma ya magunia mchana kutwa, akiacha kujilamba mpaka manyoya yanashikana, au akijilamba tumbo mpaka linabaki uchi, akikataa hata dagaa, mnasemaje? Mmoja anasema karogwa. Mwingine anasema mchawi ni yeye, mfukuzeni. Wa tatu hasemi kitu, anaokota jiwe.

Mie nasema ulizeni kwanza nini kimebadilika. Jibu haliko mbali. Familia imepata ndege, imegawa sufuria na magodoro kwa majirani, na paka naye kagawiwa. Niko na mmoja wa hao, jike mwenye madoa. Paka hupaka harufu yake kwa mashavu: mlangoni, kitandani, miguuni pa watu wake. Kwa harufu hiyo anajua yuko kwake. Siku moja vyote vimeondoka kwa lori. Mlitaka acheze?

Sisemi kila paka aliyenyamaza ana huzuni. Paka huficha maumivu. Huenda ni meno, figo au minyoo, kwa hiyo yule daktari wa mifugo anayekuja kuangalia mbuzi, mwonyesheni na paka. Dume anayechuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki, msingoje hata kesho, huyo anakufa. Asiyekula kabisa siku 2 au 3, ini lake linaweza kujaa mafuta, hasa kama ni mnene. Na jamani, msimpe parasetamoli! Najua hapa ndiyo dawa ya kila kitu, lakini kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka.

Ikiwa hana ugonjwa, tiba yake haina bei. Mpe chakula saa ileile kila siku. Dagaa wapashe moto kidogo ili harufu ipande. Mwekee boksi tupu pembeni ajifiche, na mtoto asimvute mkia kumtoa. Kama kuna kitambaa cha watu wake wa zamani, kisifuliwe, atandikiwe. Jioni mchezeshe kwa kamba, dakika 10 zinatosha. Huyu wangu alichukua wiki kadhaa. Sa' hii panya wanamjua.

Sasa kwenu mnaosema huruma ni kidogo, tuwape watu kwanza. Nimewatazama. Yule aliyempiga paka jiwe kwa kosa la kunyamaza, sijamwona akienda kumkalisha yule mama wa jirani aliyeacha kusuka nywele tangu avuke mpaka. Naye alisemwa hivyohivyo: "Anajifanya. Atazoea tu." Mtoto asiyecheza tunamsifu, eti ana adabu. Kwenye foleni zetu anaonekana anayepiga kelele, na aliyezimika ndani kwa ndani tunamruka. Tuliojifunza kumtazama kiumbe asiye na maneno, hatujamnyang'anya binadamu kitu. Macho ni yaleyale. Ukiyafumba kwa mmoja, unazoea kuyafumba.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, wala si makubwa. Anayeondoka, pamoja na paka amwachie jirani kitambaa alichokuwa akilalia. Na anayebaki, akiona kiumbe kimenyamaza, paka au mtu, aulize nini kimebadilika kabla ya kuokota jiwe.